Bariere ya mvua: namna barabara za Lubero zilivyowafundisha mashofere kungoja

Ni mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo mbili, kukata barabara. Upande mmoja umefungwa jiwe zito ili uinuke kwa urahisi, upande mwingine kuna kamba. Pembeni kuna kibanda cha bati na mlinzi anayetazama mawingu. Watu wa Kivu ya Kaskazini wanaiita bariere ya mvua, na kila shofere wa fuso kutoka Beni hadi Goma amewahi kulala mbele yake akiwa na mzigo wa viazi unaoanza kunuka.

Ndugu wasikilizaji wa Masereka na vijiji jirani, nanyi mliohama makwenu mkafikia Lubero, Butembo na Beni, wengi wenu mmeuliza juu ya magari katika majira haya ya mvua: nani apande gari gani, na kwa nini tunasimamishwa njiani wakati tuna haraka. Jibu lina historia ndefu, na historia hiyo inaanzia kwenye udongo.

Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero. Hatuna majira ya baridi kama ya Ulaya. Theluji yetu iko mbali, juu ya Ruwenzori, mahali ambapo kilele cha Margherita kinafika mita 5,109, na hakuna gari linalopita huko. Sisi tuna misimu miwili ya mvua nyingi, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, kisha kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja au zaidi. Milima yetu inapita mita 2,000 sehemu nyingi. Kwa hiyo asubuhi kuna ukungu mzito, kuna baridi inayokaza vidole, na mara nyingine mvua ya mawe inayolaza bustani za kabichi kwa dakika chache. Udongo mwekundu ukilowa, unateleza kama sabuni.

Barabara ya udongo inafanya kazi kama paa la nyumba. Katikati ina mgongo, pande mbili zinateremka, na maji yanakimbilia kwenye mifereji. Mgongo ukiwa mzima, mvua inaanguka na kuondoka. Lakini lori la tani nyingi likipita wakati udongo ungali laini, mapine yanachimba mistari miwili mirefu. Mistari hiyo inashika maji, maji yanashuka chini na kulainisha msingi, gari la pili linazama zaidi, na la tatu linakwama kabisa. Usiku mmoja unatosha kuharibu kazi ya majuma mengi. Ndiyo sababu wakubwa wa kazi za barabara waliweka miti ile: mvua ikinyesha, magari mazito yasimame mpaka barabara inyauke.

Utaratibu huo ni wa wakati wa Wabelgiji. Waliweka wafanyakazi wa barabara, makantonye, kila kundi na kipande chake cha kutunza: kuzibua mifereji, kufyeka majani, kujaza mashimo kabla hayajakua. Kwa mtazamo wa ufundi, hakuna mpango uliofaa zaidi nchi yetu ya milima, na mainjinia wa leo wanaurudia kila wanapotaka barabara idumu. Lakini tusiupambe. Vijiji vilitoa watu kwa lazima, chifu aliyekosa kuleta watu aliadhibiwa, na barabara zilichorwa kwanza kwa ajili ya migodi, kahawa na ngano za wakoloni wa milimani. Hata bariere yenyewe haikuwekwa kwa kumhurumia shofere. Iliwekwa kulinda barabara, na usalama wa shofere ulikuja nyuma yake, kama faida ambayo hakuna aliyeihesabu.

Baada ya uhuru, mwaka 1971, serikali iliunda Office des Routes, ikaikabidhi barabara za nje ya miji, zaidi ya kilomita 58,000 kwa nchi nzima. Kazi ya mikono ya wananchi iliendelea kwa jina jipya la salongo. Kisha pesa zikaisha. Mashine zilisimama kwa kukosa vipuri, makantonye wakakaa bila mshahara, mifereji ikaziba. Mtu akilalamika, aliambiwa atumie «kifungu cha 15», yaani ajitafutie mwenyewe.

Na watu wa hapa walijitafutia kweli. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, anakumbukwa kwa kuwahimiza waamini watengeneze barabara zao bila kungoja Kinshasa. Wafanyabiashara wa Butembo walichanga pesa na mafuta ili barabara za kwenda Beni na Kasindi zisife, maana bila Kasindi hakuna bidhaa. Hakuna wizara iliyowafundisha hilo. Lakini barabara iliyotunzwa kwa michango inatunzwa pale penye biashara kubwa, na njia ndogo za kupanda kwenye mashamba ya viazi zilibaki nyuma. Hali hiyo tunaiona mpaka leo.

Katika miaka hiyo shofere akawa fundi na mkulima pamoja. Hakutoka bila jembe, beleshi, panga, kebo ya chuma, mbao mbili za kutandika chini ya pine, na kigogo cha kuzuia gurudumu. Wengine walibeba minyororo ya kuvisha magurudumu. Wazungu wanaijua minyororo hiyo kama kitu cha theluji, lakini asili yake iko karibu na sisi kuliko wanavyodhani. Mmarekani Harry Weed alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1904, na inasimuliwa kwamba alipata wazo kwa kuona madereva wakizungushia magurudumu kamba na mitambaa ya mimea ili wavuke matope. Ndugu zetu waliohamia Québec, Kanada, wanashangaa kukuta sheria inayolazimisha gari kuvaa mapine ya baridi kuanzia tarehe 1 mwezi wa 12 hadi tarehe 15 mwezi wa 3. Sisi sheria kama hiyo hatuna, ila matope yenyewe yanakagua.

Mahali pabaya panajulikana. Mteremko wa Kabasha, unaoshuka kutoka Kanyabayonga kuelekea bonde la Rwindi, umefundisha vizazi vya mashofere jambo moja: gari linashushwa kwa vitesi ndogo, injini ikilishika, na breki inaguswa kidogo kidogo. Anayetoa vitesi ili abane mafuta anabaki na breki peke yake. Zikishika moto zinalegea, na kona inayofuata haimsubiri. Kwa mzigo mzito kwenye udongo uliolowa, hakuna kosa linaloua upesi kama hilo, nami nashangaa kwamba bado linafanywa kila siku kwa ajili ya lita moja ya mazuti.

Halafu vita vilibadilisha maana ya kusimama njiani. Zamani kungoja mbele ya bariere kulikuwa na hasara ya mboga kuoza. Kwenye barabara ya Beni–Kasindi na ile ya kwenda Komanda, ambako ADF wameua wasafiri na kuchoma magari, gari lililosimama jioni ni gari lililo hatarini. Mwisho wa mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23, familia nyingi zilipanda kuelekea Lubero na Butembo kwa miguu, kwa pikipiki, na juu ya malori yaliyojaa magodoro, mbuzi na watoto. Nani angemwambia mama aliye juu ya mzigo angoje barabara inyauke? Na palipo na mti ukikatisha njia, mara nyingi alitokea mtu mwenye kuomba franga, akiwa na nguo ya kazi au bunduki. Hapo bariere ilipoteza heshima yake. Watu wengi leo wakiona mti barabarani wanafikiri kwanza pesa, halafu mvua.

Mimi naona hasara hiyo ni kubwa, maana sababu ya kwanza ya bariere haijafa. Udongo ni uleule. Mwaka 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi ya barabara ya lami, pamoja na kilomita 80 za Kasindi–Beni na 54 za Beni–Butembo. Lakini lami haipandi hadi kwenye mashamba yetu, na hata juu ya lami pine lililokwisha meno linaelea juu ya maji na usukani haushiki tena.

Kwa hiyo ninyi mnaolazimika kusafiri wiki hizi, ulizeni kabla ya kulipa nauli. Mtazame mapine: Ulaya sheria inakataza meno ya chini ya milimita 1.6, na fundi mwangalifu hangoji mpaka hapo. Mtazame kama vifuta kioo vinafanya kazi na taa zinawaka, kwa sababu ukungu wa milimani hauondoki saa mbili za asubuhi, na taa hafifu zinamsaidia anayekuja mbele akuone kabla wewe hujamwona. Mzigo mzito uwe chini, uliofungwa chini ya bashi, na watu wasikae juu ya magunia yanayozidi kingo za gari. Kama shofere anasema hakuna nafasi nyingine, ngojeni gari lingine pale ambapo usalama unaruhusu.

Nanyi mashofere, mafuta ya bidoni yanayouzwa na makadhafi kando ya njia yanaingia maji wakati wa mvua. Yachujeni kwa kitambaa safi na mmwage maji ya kwenye filta kabla hamjapanda mlima. Mkifika kwenye kijito kilichojaa, mmoja ashuke na fimbo apime kina na ugumu wa chini. Kama mtu mzima hawezi kusimama wima ndani ya mkondo, gari lisiingie. Mkiisha kuvuka, kanyageni breki taratibu mara kadhaa zikauke kabla ya mteremko. Msiegeshe gari chini ya ukuta wa udongo uliochongwa, hata kama pana kivuli cha mvua: ukuta ule unashuka wakati mvua imekwisha, siyo wakati inanyesha tu.

Wamotari, nanyi abiria wawili na mtoto katikati ni wengi mno kwa mteremko uliolowa. Mama ashuke, atembee mpaka chini, apande tena.