Damu ya Baba: Selimundu kutoka Umuofia hadi Mwandiga

Waliosoma Shujaa Okonkwo, ile tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe, humkumbuka Okonkwo kwa mieleka, panga na hasira. Darasani tulipoulizwa wasifu wake tulijibu kwa maneno yaleyale: mkali, mbabe, anaogopa kuonekana dhaifu. Yote ni kweli. Ila humo ndani yumo Okonkwo mwingine, ambaye mtihani haukumuuliza. Ni yule anayegongewa mlango alfajiri kwamba binti yake Ezinma ana homa, naye anashika panga, safari hii si la vita, anaingia porini kukata majani na magome ya miti ya dawa. Anarudi na mzigo, anachemsha, anamwelekeza mkewe asiache chungu kifurike. Na usiku ule kuhani Chielo anapombeba mtoto mgongoni kumpeleka pangoni, baba huyu asiyeruhusu woga umwonekane usoni anakwenda pangoni na kurudi, anakwenda na kurudi, hata mara ya nne.

Ezinma ni mtoto wa kumi wa Ekwefi. Tisa walikufa. Kwa watu wa Umuofia, huyo ni ogbanje: mtoto anayezaliwa, anakufa, kisha anarudi tumboni mwa mama yuleyule kumtesa upya. Wayoruba nao wana neno lao, abiku. Wapo madaktari na wasomi wa Nigeria waliosema kwamba nyuma ya masimulizi hayo, kwa sehemu kubwa, ulikuwepo ugonjwa wa selimundu, ambao wengi mtaani tunauita sikoseli. Wapo pia waliopinga: watoto wa zamani waliuawa na malaria, surua na kuhara, na imani haiwezi kugeuzwa kipimo cha maabara. Achebe mwenyewe alikuwa anaandika riwaya, hakuwa anaandika kitabu cha tiba.

Kinachonivuta mimi ni jambo jingine: nani anaulizwa maswali? Waganga wanamshughulikia mtoto, wanamshughulikia mama. Mmoja anaagiza Ekwefi akishika mimba asilale kwenye kibanda chake, aende kwao. Okonkwo anatafuta waganga na kulipa, lakini hakuna anayefikiri kwamba jambo lenyewe linaweza kuwa limetoka kwake. Na ukikaa kwenye viatu vyao, wana hoja. Wake zake wengine wana watoto wazima! Nyumba moja, baba mmoja, boma moja. Watoto wanaokufa ni wa Ekwefi tu. Utamlaumu nani?

Hoja hiyo haikubaki Umuofia. Mimi ni baba wa binti wa miaka minne mwenye selimundu, na tunaishi Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini, pale barabara inapogawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine Manyovu. Maneno ya Umuofia nimeyasikia kwa Kiswahili kizuri kabisa. "Huko kwao ndiko yaliko hayo magonjwa," aliwahi kusema shangazi yangu mmoja, akimaanisha ukweni. Na mzee mwingine, kwa nia njema, alinishika bega: "Baba, wewe bado kijana. Oa mwingine, uone kama hutapata watoto wazima." Ubaya wa ushauri huo ni kwamba mara nyingi utaonekana umefanya kazi. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tupite kwenye historia.

Mwaka 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, alichapisha taarifa ya mgonjwa ambaye chembe nyekundu za damu yake zilikuwa na umbo la ajabu, zimejipinda kama mundu. Mgonjwa yule alikuwa Walter Clement Noel, kijana wa Grenada aliyekwenda kusomea udaktari wa meno. Herrick hakumtaja jina kwenye taarifa yake. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao kutibu meno ya watu, akafariki mwaka 1916. Kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari walijua umbo la chembe, wakajua pia kwamba ugonjwa unatembea katika familia, lakini hawakuelewana unatembeaje. Mbona mtu mmoja damu yake inajipinda kwenye kioo cha maabara lakini yeye ni mzima, halafu mwanawe anaumwa mpaka anakufa?

Jibu lilikuja mwaka 1949, na lilikuja kwa mikupuo. Nchini Marekani, James Neel alipima wazazi wa watoto wagonjwa, wote wawili, akaonyesha kwamba kila mmoja amebeba nusu ya tatizo. Daktari wa serikali ya kikoloni huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, E. A. Beet, alifikia hitimisho hilohilo kwa kufuatilia familia za Kiafrika. Na mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini yenyewe, ile protini inayobeba hewa ya oksijeni.

Tafsiri yake nyumbani ni rahisi kuliko inavyosikika. Mwenye jeni moja ya selimundu ni mbebaji tu. Anaishi maisha yake, analima, anavua, anacheza mpira. Mwenye jeni mbili ndiye mgonjwa, na hizo mbili hawezi kuzipata kwa mzazi mmoja. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kila mimba, narudia, maana wengi hudhani ukishampata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Hesabu haiendi hivyo. Kila mimba inaanza upya.

Sasa rudi kwa yule mzee aliyenishauri nioe mwingine. Nikioa mke asiyebeba jeni hii, watoto watakuwa wazima, na mtaa mzima utasema: "Si mmeona? Tatizo lilikuwa yule." Kumbe damu yangu ni ileile. Baadhi ya watoto hao watakuwa wabebaji kama mimi, watakua, wataoa na kuolewa na wabebaji wenzao, na habari itaanza tena kwenye nyumba nyingine. Ndoa ya wake wengi ilimficha baba nyuma ya watoto wake wazima. Mwaka 1949 ndio ulioondoa pazia hilo. Achebe alitoa riwaya yake miaka tisa baadaye, mwaka 1958.

Swali lililobaki lilikuwa: kwa nini jeni yenye madhara namna hii haikupotea? Hapo historia inakuja kwetu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa kwenye msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikusanya damu za watu wa Kenya, akakuta wabebaji ni wengi sana pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya mbu. Alirudi kufanya utafiti zaidi, na mwaka 1954 akachapisha hoja iliyoshangaza wengi: jeni moja humkinga mtu dhidi ya malaria kali. Miaka kwa miaka malaria iliua watoto wasiokuwa nayo, ikawaacha wanaoibeba wakue na kuzaa.

Mtu wa Kigoma hahitaji ramani kulielewa hilo. Mwambao wa Tanganyika una joto na unyevu, na homa ni mwenyeji wa siku nyingi. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba jeni hii ni laana, najibu kwamba yawezekana ndiyo iliyomvusha babu wa babu yangu utotoni. Bila yeye nisingekuwepo. Haimpunguzii binti yangu maumivu, ila inaondoa uchawi kwenye mazungumzo, na inaondoa kidole kilichoelekezwa kwa mama yake.

Basi baba akishajua kwamba nusu ni yake, afanye nini? Hapa vitabu vya historia hunyamaza, maana kazi yenyewe ni ndogondogo na hairudiwi na mtu yeyote kwenye masimulizi. Ni maji. Mtoto wa selimundu akikaukiwa maji, chembe zinajipinda na kunasa kwenye mishipa, na hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapoanza. Kwa hiyo kichupa cha maji kinatembea naye kama kivuli. Ni sweta msimu wa mvua, na ni kumkataza kuoga ziwani asubuhi huku binamu zake wakirukia majini mbele ya macho yake. Ni chandarua, kukitazama kila usiku kama kimechomekwa vizuri, kwa sababu, hapa kuna ukatili wa pekee, jeni moja hukinga dhidi ya malaria lakini mwenye mbili malaria humpiga vibaya kuliko wengine. Ni kidonge cha foliki. Ni penisilini asubuhi na jioni, kwani utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku hupunguza sana maambukizi makali yanayoua watoto hawa wakiwa wadogo.

Na ni mkono tumboni. Hili nalipenda kwa sababu lina historia yake. Huko Jamaica, katika kliniki iliyoongozwa na Graham Serjeant, waligundua kwamba watoto wengi walikufa ghafla kwa sababu damu ilijaa kwenye bandama, ikavimba ndani ya saa chache. Wakawafundisha akina mama kupapasa tumbo la mtoto, upande wa kushoto chini ya mbavu, na kukimbia hospitali wakiona bandama imekua. Vifo vya namna hiyo vikapungua. Hakuna mashine, ni vidole tu. Kwetu kazi hiyo ni yangu, kabla ya uji. Binti yangu anadhani ni mchezo wa kutekenyana.

Ukifika kliniki na mtoto mgongoni, swali la kwanza ni moja: "Mama yake yuko wapi?" Haliulizwi kwa ubaya. Kadi ya kliniki, mabenchi na mafundisho vyote vimezoea akina mama. Mama yake yuko sokoni Mwandiga anauza mawese na dagaa, maana nyumba yenye mgonjwa wa kudumu haiwezi kuishi kwa pato la mtu mmoja. Usiku maumivu yakija tunapokezana. Mmoja anakanda miguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mwingine anatafuta bodaboda wa kutushusha mjini.

Hali ya sasa si ile ya Ekwefi, na ni vyema kulisema hilo wazi. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania, moja ya idadi kubwa kabisa duniani, na majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, wana wengi zaidi. Lakini tangu mwaka 2004 Muhimbili ina mpango mkubwa wa kuwafuatilia wagonjwa hawa, ulioongozwa na Profesa Julie Makani. Watafiti wa Bugando, Mwanza, walitumia damu iliyobaki kwenye karatasi za vipimo vya VVU vya watoto wachanga wa kaskazini-magharibi ya nchi, wakakuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba jeni hii. Na mwaka 2019 utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea, inayomezwa nyumbani kila siku, ilipunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, hata malaria na vifo kwa watoto wa Afrika. Miji hiyo si ya ughaibuni. Ni kwetu. Kilichobaki ni dawa hiyo kufika mwisho wa reli kwa bei ambayo muuza dagaa anaimudu, na isikatike.

Kimebaki pia kipimo kimoja ambacho hakitegemei meli wala reli. Wanaume wengi ninaowafahamu hujua timu yao imefungwa mabao mangapi msimu mzima, lakini hawajui kama wamebeba jeni ya selimundu. Kipimo ni tone la damu. Kijana anayetaka kuoa akapime, na mchumba wake akapime, kabla watu hawajaanza kuulizana nani ametoka ukoo gani. Na aliyekwisha kupata mtoto mgonjwa, akapime vilevile, akae mbele ya shangazi zake na karatasi mkononi, awasomee kwa sauti kwamba nusu ni yake. Okonkwo alikuwa na ujasiri wa kwenda pangoni mara nne gizani. Huu ni mdogo kuliko ule.