Batili

Seva ikipokea kutoka kwa kivinjari ombi lililoharibika umbo, hujibu kwa nambari 400, na ijapokuwa ni rahisi kuliita ombi hilo «baya», neno lililo aula ni «batili», kwani ubaya huelekea nia ya mwombaji, ilhali ubatili, kama wajuavyo mafakihi waitazamapo ndoa iliyofungwa bila ya mashahidi, ni kukosekana kwa sharti. Ni kweli kwamba mwaka 1980 Jon Postel, mmoja wa wajenzi wa intaneti, aliusia kwamba programu iwe na hadhari katika kutuma na ukarimu katika kupokea, na usia huo uliifaa sana intaneti changa. Lakini ombi lenye vipimo viwili vya urefu vinavyohitilafiana, seva ya mbele ikisadiki kimoja na ya nyuma kingine, huwapa wahalifu mwanya wa kupenyeza ombi la siri ndani ya ombi la halali. Hata ombi la itifaki ya HTTP/1.1 lisilotaja jina la mwenyeji, kanuni imefaradhisha likataliwe. Basi, enyi waandishi wa programu, msikisie makusudio ya ombi batili: likataeni, mwelezeni mteja kwa adabu sharti alilolikosa, kisha fungeni muunganisho.