Ekzema na pumu: pomadi ya ngozi haitunze kifua

Ekzema ni ugonjwa wa ngozi wenye kudumu na kuwasha sana. Haiambukizi, wala si ulozi. Mara nyingi inaanza mutoto angali munyonyaji, na kwa watoto wengine pumu inafuata. Magonjwa haya mawili ni ndugu: mwili unajikinga kupita kiasi, na mara nyingi yanapatikana katika jamaa moja.

Namna ya kuitambua

Kwa ngozi nyeusi, wekundu hauonekane vizuri. Ngozi inakauka, inakwaruza, inageuka nyeusi zaidi ao rangi ya majivu, zaidi kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Kwa munyonyaji ni kwenye mashavu.

Matunzo

Kuoga kwa muda mufupi, na maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Kisha kupaka vazelini mbele ngozi haijakauka, mara mbili kwa siku, hata kama haiwashi. Ikiwasha sana, munganga anaandika pomadi ya kortikoide: nyepesi kwa uso, kama hidrokortizoni ya 1%, yenye nguvu zaidi kwa mikono na miguu. Pomadi ya kujaa ncha ya kidole cha mutu mukubwa inatosha kwa sehemu yenye ukubwa wa viganja viwili.

Vidonge vinavyodanganya

Kuna wenye kujinunulia deksametazoni kwa farmasi bila karatasi ya munganga. Kidonge kinatuliza ngozi na kifua pamoja, ndiyo sababu watu wanakipenda. Lakini wakiacha, ekzema inarudi, mara ingine na nguvu zaidi. Kukitumia muda murefu kunapandisha sukari na tansio, kunalegeza mifupa na kuzuia mutoto kukomaa. Aliyezoea asiache ghafula. Munganga atamupunguzia pole pole.

Pomadi za kung'arisha ngozi zenye klobetazoli nazo ni kali: zinapunguza unene wa ngozi.

Kifua nacho

Pomadi ya ngozi haifike kwenye mapafu. Mugonjwa wa pumu aendelee na dawa yake ya kuvuta, hata ngozi ikipona, na akae mbali na moshi wa makala.

Vidonda vikitoa usaha ao homa ikipanda, inaomba kuenda kituo cha afya. Mugonjwa akishindwa kumaliza sentensi sababu ya pumzi, apelekwe hospitali palepale.