Ferrari, NSX au Porsche ya mtumba? Historia ya mkanda mmoja

Wiki iliyopita binamu yangu anayeishi Uingereza aliniandikia barua pepe ndefu. Kwa miaka kumi na mmoja amefanya zamu za usiku hospitalini na kuweka akiba, na sasa kabla hajafika hamsini anataka kitu kimoja tu: gari la spoti, yale tuliyokuwa tukibandika picha zake ukutani tukiwa shule ya msingi. Orodha yake ina magari matatu: Ferrari 348, Honda NSX, na Porsche 911 ya kizazi kile kinachoitwa 996. Porsche ndiyo ya bei nafuu. Hayo mengine mawili yatamlazimu akope juu ya akiba yake. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta," akasema, "nisaidie kuchagua."

Mimi naendesha Probox. Lakini swali lenyewe limeninyima usingizi siku tatu, kwa sababu nilipoanza kusoma nilikuta hadithi ninayoijua vizuri kutoka kazini.

Tuanze na mkanda. Ndani ya injini kuna valvu zinazofunguka na kufunga, na kuna pistoni zinazopanda na kushuka. Ni lazima zipishane kwa wakati wake, na kinachozifunganisha ni mnyororo wa chuma au mkanda wa mpira. Mkanda ukikatika katika injini za aina hii, pistoni inagonga valvu iliyo wazi na injini inakwisha papo hapo. Injini za V12 za zamani za Ferrari zilitumia mnyororo. Mwaka 1973 yakaanza kutoka magari mawili yenye mkanda, 365 GT4 BB na Dino 308 GT4. Mkanda una kelele kidogo na ni mwepesi. Ubaya wake ni kwamba mpira unazeeka hata gari likiwa limelala gereji bila kutembea kilomita moja.

Mwanzoni haikuwa balaa. Katika 308, na 328 iliyoifuata, injini imelala kwa upana wa gari, kwa hiyo fundi anaifikia mikanda kutoka ubavuni, akipitia upande wa gurudumu. Halafu ikaja 348 mwaka 1989. Wahandisi waliigeuza injini ikae kwa urefu na gea boksi ndiyo ikalala kwa upana (herufi "tb" katika jina la 348 tb zinatoka hapo, trasversale). Kwa uzito na mwendo ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini mikanda sasa iko mbele ya injini, imebanwa kwenye ukuta ulio nyuma ya viti vya abiria. Mkono hauingii. Ili kubadilisha kipande cha mpira, fundi anafungua mabomba, nyaya na breki, anashusha injini nzima pamoja na gea boksi na sehemu ya nyuma ya chesisi, halafu anainua mwili wa gari juu yake. Kazi hiyo inarudi kila baada ya miaka michache. Testarossa nayo ni hivyo hivyo, na F355 iliyoirithi 348 mwaka 1994 haikubadilisha kitu hapo.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu. Kazi yangu ya kwanza ya programu ilikuwa kurithi mfumo wa mishahara wa ofisi moja hapa Nairobi. Viwango vya kodi vilikuwa vimeandikwa ndani kabisa ya programu, sehemu kumi na nne tofauti, na kila serikali ilipogusa kodi ilibidi tuujenge mfumo wote upya na kuusakinisha kwenye kila mashine. Aliyeuandika hakuwa mjinga. Mfumo ulikuwa wa haraka ajabu. Hakuwaza tu kwamba siku moja mtu mwingine atahitaji kubadilisha namba moja. Sisi tunaita hilo deni la kiufundi, na anayelilipa huwa si yule aliyelikopa. Mtu wa kwanza kununua 348 mwaka 1990 pengine alilipia mikanda mara moja kisha akaliuza. Binamu yangu atakuwa wa saba au wa nane kwenye foleni.

Sasa njoo Japani. Honda walianza mradi wao miaka ya themanini, mhandisi mkuu akiwa Shigeru Uehara, na shabaha yao ilikuwa hiyo hiyo Ferrari ya V8. NSX ilionyeshwa Chicago mwezi Februari 1989 na ikaanza kuuzwa 1990. Mwili wote ni wa alumini, jambo ambalo hakuna gari la kuuzwa kwa wingi lililokuwa limelifanya. Injini ni V6 ya lita 3.0 yenye VTEC, inazunguka hadi mizunguko 8,000 kwa dakika, na mikono ya pistoni ni ya titani. Ayrton Senna alipoliendesha Suzuka mwaka 1989 aliwaambia wahandisi kwamba mwili bado ni laini mno, nao wakarudi kuuimarisha. Lakini kwangu mimi ajabu yake kubwa ni nyingine: lina mkanda pia, na mkanda huo unabadilishwa injini ikiwa ndani ya gari. Unawasha asubuhi, unakwenda kazini, unarudi. Gordon Murray, aliyebuni McLaren F1, alikuwa na NSX yake na amesema wazi kwamba ilimfunza mengi.

(Kidogo kando, kwa wapenzi wa kompyuta: McLaren F1 zilijengwa 106 tu, na mwaka 2016 ilijulikana kwamba kampuni ilikuwa bado inazihudumia kwa laptopu za Compaq LTE 5280 za miaka ya tisini, kwa kuwa programu ya kuzungumza na gari ilihitaji kadi maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo. Gari la mamilioni linategemea laptopu ambayo huku Luthuli Avenue wangekupa kama nyongeza ukinunua chaja.)

Wenye Ferrari walilisikia somo. Luca di Montezemolo alishika uongozi mwaka 1991, na baadaye yeye mwenyewe aliiponda 348 hadharani. 360 Modena ilipotoka mwaka 1999 ilikuwa na kifuniko nyuma ya viti: fungua, badilisha mikanda, funga. Kifuniko tu! Miaka kumi ilihitajika. Kisha F430 ya mwaka 2004 ikarudi kwenye mnyororo na hadithi ya mikanda ikaisha. Naomba nikumbushe kwa heshima kwamba injini ya Probox yangu nayo ni ya mnyororo, na Probox ilianza kuuzwa 2002.

NSX si malaika, lakini. Gea boksi za 1991 na mwanzo wa 1992 zina pete ndogo ya chuma inayoweza kuvunjika na kusambaratisha kila kitu ndani, kwa hiyo mnunuzi lazima alinganishe namba ya gea boksi kabla ya kutoa senti. Kidude kinachoendesha kiyoyozi kina kapasita zinazovuja kwa uzee, na hizo hata mimi ningezibadilisha kwa chuma cha kulehemu mezani. Alumini ikigongwa si kazi ya kila fundi wa bodi.

Imebaki Porsche, na hapa ndipo moyo wangu ulipodunda, kwa sababu bei yake inavutia. Hadi 1998 911 zilipozwa kwa hewa. 996, iliyoingia 1997, ilileta injini mpya ya kupozwa kwa maji, M96. Ndani yake kuna shafti ya kati inayoendesha minyororo ya valvu, na ncha yake moja imeshikwa na beringi iliyofungwa, yenye grisi ya kudumu maisha yote. Tatizo ni kwamba oili ya injini hupenya, inaosha ile grisi, beringi inakufa, minyororo inapoteza mpangilio, na tunarudi kule kule, pistoni kugonga valvu. Mwaka 2013 kesi ya wenye magari huko Marekani ilimalizwa kwa makubaliano ya fidia kwa baadhi ya magari ya 2001 hadi 2005. Turbo na GT3 za kizazi hicho zina injini tofauti na hazina ugonjwa huu.

Lakini tazama beringi ilipo: upande wa klachi. Gea boksi ikishatolewa kwa ajili ya klachi mpya, beringi iko mbele ya macho ya fundi, na katika 996 inatolewa na kuwekwa iliyo bora bila kuipasua injini. Ni kosa la kutisha, ila ni kosa linalofikika.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu binamu. Nilimwandikia kwamba NSX ndiyo nzuri kuliko zote na hana uwezo nayo bila mkopo. 348 aliyoitazama inang'aa, lakini kitabu chake cha huduma kinaonyesha mikanda ya mwisho ilibadilishwa 2014, na muuzaji anajitetea kwamba gari limetembea maili 3,000 tu tangu hapo. Mpira hausomi maili. Atafute 996 yenye risiti za klachi na beringi kwa pamoja, au apunguze bei kiasi cha kazi hiyo.

Alinijibu usiku ule ule. Amepata moja karibu na Leicester, ya 2002, klachi haijaguswa, na Jumamosi anakwenda na fundi kuikagua. Mwisho wa barua akaongeza mstari mmoja: nisimwambie shangazi, ambaye huku nyumbani bado anaamini pesa hizo ni za kujenga.