Bugobogobo: mabadiliko ya sauti ya ngoma ya jembe

Bugobogobo ni ngoma ya kilimo ya Wasukuma, inayopigwa kusini mwa Ziwa Victoria katika mikoa ya leo ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita. Maandishi mengi huipa mistari miwili mitatu chini ya kichwa cha ngoma za asili, pamoja na picha ya mchezaji aliyerusha jembe hewani, kana kwamba ilizaliwa imekamilika na haijaguswa tangu hapo. Ukweli ni kwamba muziki huu umepita shambani, kwenye uwanja wa mashindano, kwenye jukwaa la taifa, kanisani na hatimaye studio, na kila mahali ulitoka na sauti nyingine. Mara zote aliyetangulia kubadilika ni mlipaji.

Shambani

Kazi ya kulima ilifanywa na vikundi vya ujirani na rika, kimojawapo kikiitwa elika. Mwenye shamba alikialika au kukikodi, akalipa kwa chakula, pombe, mnyama na baadaye fedha. Wapiga ngoma walisimama karibu na mstari wa wakulima, na majembe yakashuka kwa pamoja. Manju, kwa Kisukuma ningi, alitoa wimbo na kundi likaitikia. Maneno yalikuwa sifa, kejeli, habari za kijiji, na pale ilipobidi jina la mvivu aliyebaki nyuma ya wenzake.

Muziki wa namna hii una mipaka ambayo msikilizaji wa ukumbini haioni. Jembe la mkono lina uzito wake na mlimaji ana pumzi yake. Mpigaji akiharakisha mno, mstari unavunjika na mwenye shamba anapata hasara. Chuma kilichogonga udongo nacho kilikuwa ala, tena ndicho kilichoshika mwendo. Ndiyo maana rekodi yoyote ya bugobogobo iliyofanywa mbali na shamba ni nusu ya bugobogobo, hata wapigaji wawe hodari kiasi gani.

Pamba ndiyo iliyoanza kuitoa ngoma hii shambani. Mashamba yalipanuka, na plau ya kukokotwa na ng'ombe ikaenea, hasa kwenye mbuga za udongo mweusi za Shinyanga. Ng'ombe hahitaji manju. Wakati huohuo, kuanzia 1947, serikali ya kikoloni iliendesha mradi wa maendeleo ya Usukuma uliohimiza watu na mifugo kutoka maeneo yaliyojaa kuhamia Geita, ambako ardhi ilikuwa bado na misitu. Wahamiaji walikwenda na ngoma zao. Sehemu kubwa ya Usukuma wa Geita unaosikika leo ina mizizi katika uhamaji wa namna hiyo.

Bagika na Bagalu

Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, wakulima waligeuka wachezaji. Vikundi vya ngoma vya Usukuma vimegawanyika katika jamii mbili hasimu, Bagika na Bagalu, ambazo masimulizi huzihusisha na waganga wawili walioshindana kwa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Vikundi viwili hupiga uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji anayezidi miguu ya watazamaji.

Kanuni hiyo imeathiri sauti kuliko jambo jingine lolote. Anayepiga akiwa na mpinzani umbali wa hatua chache lazima apige kwa nguvu. Ngoma kubwa zinapata heshima, filimbi na njuga zinaongezeka, na manju hujifunza kukatisha wimbo watu wanapoanza kuhama. Vituko navyo viliingia: majembe yakirushwa na kudakwa, nyoka wa wachezaji wa bugoyangi, nungunungu wa wachezaji wa bununguli. Dawa ya mvuto, iitwayo samba, ilihesabiwa kuwa sehemu ya maandalizi sawa na kuwamba ngoma. Wanaodai kwamba utamaduni wa asili ulitulia hadi redio ilipofika hawajasimama katikati ya vikundi viwili vya namna hii.

Wigashe, uimbaji wa kukaa, ulichukua njia ya kinyume. Mdundo ulipungua, maneno yakapata nafasi, na siasa ikaingia. Elias Songoyi, katika utafiti wake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa mwaka 1988, alimlinganisha mwimbaji wa Kisukuma Kalikali na Mwinamila wa Unyamwezi ili kuchunguza uhusiano wa msanii na dola.

Jukwaani na kanisani

Wizara ya utamaduni iliundwa mwaka 1962, na muda mfupi baadaye likaja Kundi la Ngoma la Taifa. Bugobogobo ikawa miongoni mwa ngoma zilizochaguliwa kuiwakilisha nchi. Baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo kiliifundisha kwa wanafunzi ambao wengi hawakuwa Wasukuma. Ngoma ya kutwa nzima ilibanwa katika dakika chache, nyimbo zikapewa mwanzo na mwisho, Kiswahili kikaingia. Jembe lisilogusa udongo halimchoshi mtu, kwa hiyo mwendo ukapanda. Hiyo ndiyo bugobogobo wanayoijua watu wa Dar es Salaam kutokana na harusi na sherehe za kitaifa, na kwa maoni ya mwandishi huyu ni ngoma nzuri, ila ni nyingine.

Kanisani mabadiliko yalikuwa ya upole zaidi. Huko Bujora, karibu na Mwanza, padri David Clement kutoka Kanada aliruhusu ngoma katika ibada na kusaidia kuanzisha makumbusho ya Wasukuma. Sherehe ya Bulabo, inayoambatana na sikukuu ya Ekaristi, imeendeleza mashindano ya Bagika na Bagalu chini ya bendera ya parokia.

Ukanda wa dhahabu

Mwaka 2001 Saida Karoli, Mhaya aliyerekodi Mwanza, aliuza nchi nzima nyimbo za lugha ya nyumbani zilizopikwa studio, na wenye vinanda wa Kanda ya Ziwa wakaona kwamba soko lipo. Miaka hiyohiyo migodi mikubwa ilifunguliwa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini fedha zilizoulisha muziki huu hazikutoka migodini humo peke yake. Zilizunguka pia mikononi mwa wachimbaji wadogo, wenye maduara (mashimo ya machimbo), wafanyabiashara wa Kahama na Katoro, na wakulima wa mpunga.

Katika nyimbo za waimbaji wa Kisukuma kama Bhudagala Mwanamalonja na Nelemi Mbasando, kinanda na ngoma za kompyuta zimechukua nafasi ya ngozi. Mwitikio wa kundi umebaki, na manju bado anamwaga maneno kwa kasi bila kuvuta pumzi. Wachezaji wamevaa sare, na video imekuwa uwanja wa mashindano.

Kwa kulinganisha, ska ya Jamaika ilipopunguza mwendo kuwa rocksteady mnamo 1966, kisha reggae, kila hatua iliacha santuri ambayo mtafiti anaweza kuishika. Bugobogobo ya shambani haikuacha mfululizo wa santuri wa namna hiyo, na ndiyo sababu mojawapo historia ya sauti yake imepuuzwa. Ya leo inaacha kumbukumbu tele. Nyimbo nyingi za ukanda huu zina jina la mteja kwenye vichwa vyake: harusi ya fulani, ujumbe kwa fulani. Mteja hulipa, hutaja ndugu zake na mali zake, na mwimbaji hupanga yote hayo katika wimbo. Mwenye shamba wa zamani alinunua jasho na kupewa wimbo juu yake. Huyu wa sasa ananunua wimbo wenyewe, na jina la mvivu halitajwi tena.