HISTORIA: Pesa ya safari ya mchezaji wa tenisi inatoka wapi?

Mchezaji wa tenisi hana mshahara wa klabu kama mchezaji wa mpira. Mara nyingi tiketi ya ndege, hoteli na kocha analipa mwenyewe, na akifungwa mapema anarudi na pesa kidogo.

Zamani ilikuwa ngumu zaidi. Kabla ya 1968, anayelipwa kwa kucheza alifungiwa mlango wa mashindano makubwa, ingawa wengine walipewa pesa kwa siri. Mwaka huo Wimbledon, Uingereza, ilianza kulipa: Rod Laver alipata pauni 2,000, lakini Billie Jean King, bingwa wa wanawake, alipata 750 tu. Wanawake walidai haki yao. Wimbledon ilikuja kuwalipa sawa na wanaume mwaka 2007.

Habari iliyo karibu na sisi wa ziwa Tanganyika ni ya Angella Okutoyi, Mkenya aliyelelewa na bibi yake Nairobi. Familia haikuwa na uwezo. Alisaidiwa kupata nafasi katika kituo cha mazoezi cha Afrika Mashariki kule Bujumbura, ng'ambo ya Uvira. Julai 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana, wawili kwa wawili, pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Lakini vijana hawapewi zawadi ya pesa. Baadaye chuo kikuu cha Auburn, Marekani, kilimpa ufadhili wa masomo, akaendelea kucheza.

Kwa familia zilizokimbia makwao, funzo ni hili: mtoto mwenye kipaji asiachishwe shule. Bila masomo, Okutoyi asingeingia Auburn.