Akiba na matumizi ya kaya kisiwani Mafia

Akiba na matumizi ya kaya kisiwani Mafia ni namna familia za wilaya hii ya Mkoa wa Pwani, Tanzania, zinavyogawa kipato kati ya mahitaji ya leo na ya kesho. Makao makuu ya wilaya ni Kilindoni.

Kipato. Wakazi wengi hutegemea uvuvi, minazi na kilimo kidogo. Mapato ya bahari hupanda na kushuka: pepo za kusi zikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hushindwa kutoka, ilhali chakula, ada na matibabu havisubiri.

Njia za akiba. Za asili ni kibubu, mifugo, dhahabu na upatu, ambamo wanachama huchanga na kupokeana kwa zamu. Siku hizi zipo pia benki za simu na VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo wa vikundi vya aina hii ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea Afrika Mashariki. Wanachama hununua hisa, hukopeshana kwa riba, hutunza mfuko wa jamii kwa misiba na maradhi, na hugawana faida mwisho wa mzunguko. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi katika daraja la nne la watoa huduma hizo.

Umuhimu. Akiba huleta ustawi inapogeuka nyavu, mashine ya boti au elimu. Kubana chakula cha watoto ili kuweka fedha ni hasara, si akiba.